Nyundo Themanini na Nane

Akello mwanangu,

Barua nilizofundishwa kuandika shuleni huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Lakini wewe hujawa mbali bado. Uko Kawempe kwa shangazi yako, unaaga, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako hutatoka huko kabla hujalishwa mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima hapa mezani, na kwa furaha niliyo nayo utadhani mimi ndiye niliyeitwa Nairobi kusomea uuguzi. Tangu asubuhi nimechemsha chai mara tatu, na mara tatu nimeisahau kwenye sigiri.

Mambo ya sabuni, blanketi na kutotembea peke yako jioni nimemwachia shangazi yako. Atayasema yote, kisha atayarudia. Mimi nataka kukuandikia habari za neno moja na kosa nililolifanya nalo, na mwishoni nina ombi. Tafadhali usiruke mpaka kwenye ombi. Nakujua unavyosoma vitabu, unaanzia ukurasa wa mwisho.

Uani baba yako anagonga sanduku lako la bati. Jana nilimwambia kwamba chini limelegea, basi leo amepata kazi. Nusu saa iliyopita alichungulia dirishani, misumari mdomoni.

"Mama Akello, hii sanduku nataka kutia mbao chini. Mtoto anabeba nini, mawe?"

"Vitabu," nikamwambia.

"Basi nafanya nguvu. Hii hata ikianguka kutoka treni, inabaki sanduku."

Akarudi kwenye nyundo yake. Na nyundo ndiyo neno lenyewe, Akello.

Unakumbuka mwezi uliopita ulivyoingia mbio na kitabu cha biolojia, hata viatu hukuvua? "Mama, lete daftari! Nimepata nyingine!" Ukanishika sikio ukalivuta mpaka nikapiga kelele, ukanieleza kwamba humo ndani, nyuma ya ngozi nyembamba, kuna mfupa wa ukubwa wa punje ya mchele, na wataalamu wameuita nyundo. Unagonga mfupa mwingine unaoitwa fuawe, ile ambayo mhunzi huweka chuma juu yake akipiga, na wa tatu unaitwa kikuku, kile cha kukanyagia mpanda farasi. Nikaanza kucheka na kurukaruka, mtu mzima na miaka yangu, mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu. Kumbe kila mtu anatembea na karakana ya mhunzi kichwani! Niliiandika daftarini palepale. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba kulia kidogo, na hilo hukuliona.

Daftari langu umelicheka tangu kidato cha pili. "Mama na nyundo zake." Hujawahi kuniuliza lilianza vipi, nami nimeshukuru, maana ningekudanganya. Leo sikudanganyi.

Kazi yangu unaijua. Watu wanakuja mahakamani na Kiswahili chao, mimi namgeuzia hakimu kwa Kiingereza, na maneno ya hakimu nayarudisha kwao. Kiswahili nilikipata kwenye laini za polisi Nsambya, ambako babu yako alikuwa koplo, na watoto wa kila kabila la kaskazini tulikuwa tunagombana kwa lugha hiyo hiyo moja. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kifupi, kinachojua kuamuru na kutukana. Nilijivunia mno. Nilidhani lugha nzima inaishia kwenye ule ukuta wa kambi, na hakuna kona yake ambayo sijaifagia.

Haukuwa umepita mwaka tangu Wahindi wafukuzwe nchini walipomleta Mzee Wekesa. Alikuwa Mkenya wa upande wa Bungoma, mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote, kofia ameishika kwa mikono miwili. Askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha Nateete akiwa na kisanduku cha mbao na karatasi ya mzigo. Karatasi ilisema kwa Kiingereza: nyundo, themanini na nane. Wakafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba, kila kimoja na kichwa kidogo cha mbao kilichovalishwa kitambaa kinene cha sufu nyeupe. Nyundo wanayoijua wao haikuwemo hata moja.

Yule askari aliyemkamata alisimama mbele ya hakimu akasema, nami nikageuza.

"Mimi nauliza yeye, hii kitu nini? Yeye nasema nyundo. Afande, nyundo mimi najua. Hii hata msumari hapana ingiza. Nyundo ndogo namna hii iko kwa bunduki tu. Sasa themanini na nane, hiyo bunduki ngapi?"

Na ni kweli, bunduki ina nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachoruka ukivuta kifyatulio. Baba yako, mtoto wa kambini kama mimi, amewahi kukueleza.

Hakimu alikuwa mtu wa wilaya za magharibi ya nchi, hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Akaniambia nimuulize mzee nyundo hizo ni za nini. Nikamuuliza. Mzee akajibu kwa Kiswahili kilichotulia, bila haraka, akitaka nielewe vizuri.

"Ni nyundo za kinanda, mama. Mimi ni fundi wa vinanda. Nazipeleka kwa masista, panya wamekula zile za zamani."

Sasa sikiliza, Akello. Kambini kwetu kinanda kilikuwa gramafoni. Kilikaa kantini, cha kuzungusha kwa mkono, na Jumamosi baba zetu walikuwa wanaita "lete kinanda!" nasi watoto tunacheza nje mpaka vumbi linaingia kwenye sufuria za watu. Kinanda kingine sikuwahi kukisikia. Nikamgeukia hakimu, na kwa Kiingereza changu kizuri nikasema: anasema ni nyundo za gramafoni.

Hakimu akavua miwani. Akasema gramafoni haina nyundo. Hilo nalo nikamgeuzia mzee.

Mzee akashtuka. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi. Kiingereza hakukijua sana, lakini gramafoni alilisikia.

"Siyo hiyo, mama. Kinanda. Kinanda hiki."

Akaweka kofia chini, akatandaza vidole vyake kumi kwenye ukingo wa kizimba, akavichezesha kimyakimya kutoka kushoto kwenda kulia.

Na mimi nikaona. Kosa langu liko hapo, usilitafute mahali pengine. Kutojua neno si kitu, kila wiki nakutana na neno nisilolijua. Lakini nilivitazama vile vidole na nikajua nimekosea. Sikujua ni nini anacheza, ila nilijua anacheza kitu na si gramafoni. Ningeweza kusema, mheshimiwa, ngoja kidogo, nimuulize tena. Sekunde kumi tu. Nikawaza, nikijirekebisha sasa hawa askari watasema mkalimani anamsaidia Mkenya, watauliza mume wangu ni wa kabila gani, na unajua watu wa kabila lake wanavyotafutwa. Huo ulikuwa woga, na woga wa siku zile, na wa siku hizi, sitauonea aibu sana. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine dogo, baya zaidi. Sikutaka hakimu ajue kwamba kuna Kiswahili nisichokijua.

Hakimu akaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu, ndiyo, mheshimiwa.

Mzee Wekesa akaokota kofia yake, wakamtoa. Hawakumpeleka rumande ya kawaida, walimpakia kwenye lori lao. Kisanduku kilibaki kwetu katika chumba cha vielelezo, na juu yake kikabandikwa kikaratasi chenye mwandiko wangu: nyundo za gramafoni. Jioni hiyo nilikuja nyumbani nikapika, tukala, nikakusaidia hesabu.

Halafu ikaja siku ya wazazi shuleni kwenu. Unakumbuka muhula ule mliimba bila piano? Ulilalamika mpaka nikachoka, piano imekufa, fundi hakuja, kwaya yote inaimba kama watu waliopotea. Baada ya nyimbo, Sista wa muziki akatuita wazazi mbele, akafungua kifuniko ili tuone kwa macho yetu. Ndani kulikuwa na nyaya nyingi zimekazwa. Mbele ya nyaya kulikuwa na safu ndefu ya vijiti vyembamba, vichwa vyake vidogo vya sufu vimetafunwa na panya. Sista akabonyeza pale nje, kijiti kimoja kikainuka, kikapiga waya. "Hizi ndizo nyundo zake," akasema. "Tuliagiza mpya. Mzee mmoja Mkenya alikuwa anatuletea, hakufika. Mungu ndiye anajua aliko."

Ulinishika mkono ukaniuliza kwa nini nalia. Nikasema wimbo umenigusa. Ulifurahi, maana wewe ndiye uliyeimba sauti ya kwanza.

Ningependa sana kukuandikia kwamba nilitoka pale mbio nikaenda kumwambia hakimu. Nilifika mlangoni kwake mara mbili, nikarudi mara mbili. Mara ya tatu niliingia, nikaomba faili la kesi, nikaambiwa halipo kwetu tena, na aliyenijibu akaniuliza linanihusu nini. Nikasema nilikuwa natafuta kalamu niliyoisahau ndani yake. Kalamu, Akello! Hata uongo wangu ulikuwa wa kitoto. Baada ya miezi mitano nilisikia kwamba yule Mkenya wa nyundo alisukumwa mpakani, akavuka kwao akiwa hai. Katika kutoka kwake mimi sikuchangia lolote.

Basi wiki ile ile ya siku ya wazazi nilinunua daftari la kijani. Nilitaka kuijua kila nyundo iliyoko duniani, isije moja ikanikuta tena mdomo wazi. Nilianza kwa hofu, halafu ikawa raha, na raha hiyo imenishinda kuificha. Nilikwenda kwa wahunzi wa Katwe, nikamkuta mzee mwenye nyundo saba, kila moja na kazi yake, akanicheka mpaka akakaa chini.

"Nnyabo, wewe nataka kununua au nataka kuandika? Haya andika. Hii ya kukunja. Hii ya kurainisha. Hii ya kupiga kijana wangu akilala."

Nikaandika zote, hata hiyo ya mwisho. Hospitalini daktari alinigonga goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukaruka ukapiga trei ya dawa, nami badala ya kuomba radhi nikamuuliza kwa Kiingereza inaitwaje. Kwenye mnada wa vitu vya Wahindi nilisimama nyuma kabisa, nikamwona dalali ana nyundo ambayo haipigilii kitu chochote, lakini akigonga meza, kiti alichokalia bibi wa watu miaka thelathini kinakuwa cha mtu mwingine. Sikununua kitu. Niliiandika nikaondoka. Hakimu wetu, ambaye kumbe hupenda ndege, alinionyesha yule ndege wa kahawia wa kwenye tope la Nakivubo mwenye kisogo kirefu. Wazungu wamemwita kichwa-nyundo. Kiswahili kinamwita fundichuma. Fikiria! Wao walimtazama wakaona chombo, na sisi tukaona mwenye chombo. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njiani.

Na ile ya michezo ya shule, nisamehe, najua bado unaona aibu. Walitangaza mashindano ya kutupa nyundo, akatokea kijana na tufe la chuma kwenye waya, mimi nikasimama mbele za watu nikapaza sauti, "Hiyo si nyundo! Nyundo naijua!" Watu wakacheka, ukajificha nyuma ya mwenzako. Ulidhani nilikaa chini kwa sababu ya kuchekwa. Nilikaa kwa sababu niliisikia sauti ya yule askari wa Nateete ikitoka kinywani mwangu, neno kwa neno. Kumbe sikuwa mbali naye hata kidogo, tulikuwa wawili tunaojua nyundo moja.

Sista alinipa nyingine ambayo mpaka leo ndiyo naipenda kuliko zote. Fundi wa piano ana chombo cha kukazia nyaya, kinashika kijino cha chuma na kukizungusha kidogo sana, huku fundi ameinamisha sikio. Hakigongi kitu. Nacho kinaitwa nyundo. Nilimwuliza kwa nini, akasema hajui, watu wamekiita hivyo tangu zamani.

Iko nyundo moja ambayo sikuiandika. Unaijua, kila mtu mjini hapa anaijua, watu waliotoka hai kwenye zile nyumba wanamoteswa watu wameitaja kwa sauti ya chini, na wengine hawakutoka hata kuitaja. Niliacha mstari mtupu. Ukiwa mbali siku moja na mambo yamebadilika, mtu akikuuliza mstari ule ni wa nini, utamwambia.

Nisikutie huzuni, leo si siku yake. Nikuambie kuhusu mbao za kuwashia sigiri.

Mwaka jana tuliambiwa tusafishe chumba cha vielelezo, vitu visivyo na mwenyewe vichomwe. Nikamwona mtunza chumba amekibeba kile kisanduku. Nikamwambia, bwana, nipe hivyo vijiti, nyumbani kwangu mkaa umekwisha. Akanipa hata hakuangalia. Ndicho kile kisanduku kilicho chini ya kitanda chako, ulichoniuliza nikasema ni mbao za kuwashia, ukashangaa mbona haziwashwi. Umelala juu ya kinanda cha watu mwaka mzima, mwanangu. Zote zimo, nimezihesabu, themanini na nane. Moja ilivunjika shingo, nikaiunga kwa gundi.

Na wiki tatu zilizopita, sokoni Nateete, nilikuwa nanunua dagaa kwa Mama Nafula, yule Mkenya anayecheka na kila mteja. Nikamuuliza tu, kama ninavyowauliza wote wa Bungoma, kama anamjua fundi mmoja wa vinanda. Nimeuliza hivyo miaka mitatu, na miaka mitatu wananiambia hapana.

"Wekesa?" akasema. "Wekesa wa vinanda? Si anakaa karibu na stesheni pale kwetu! Siku hizi anatengeneza viti. Kinanda hagusi."

"Kwa nini?"

"Vidole, dada. Viwili vya mkono wa kulia walivunja huko kwenu."

Akaendelea kupima dagaa. Alisema "huko kwenu" bila ubaya, lakini nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Sasa ombi. Nilikuwa nimepanga hivi. Treni yako inapita Bungoma. Nilitaka kukiweka kisanduku chini kabisa ya sanduku lako, chini ya vitabu, ndiyo maana nilimpa baba yako kazi ya kutia mbao. Nilitaka ushuke pale, umtafute mzee, umpe nyundo zake na barua yangu, kisha upande treni inayofuata. Sista aliniandikia hata karatasi yenye mhuri wa shule, kwamba hivi ni vipande vya piano. Nilikuwa nakuomba ufanye hivyo kwa ajili ya mama yako.

Nimefika hapa kwenye barua, na baba yako ametokea tena dirishani, jasho linamtiririka, ana furaha ya mtoto.

"Nimemaliza. Hii sanduku sasa hakuna askari anaweza kufungua bila mimi kumwonyesha njia."

Amesema askari, nami kalamu ikasimama. Nikakuona Malaba. Nikaona mkono wa mtu unaingia chini ya vitabu vyako na kutoa vile vijiti. Nikamsikia anakuuliza hii kitu nini. Na wewe, msichana wa miaka kumi na minane mwenye jina la kaskazini, unajibu, nyundo.

Mungu wangu, Akello, nilikuwa nakaribia kukusimamisha kwenye kizimba kile kile. Maisha yangu yote nimesema maneno ya watu wengine, na siku ya kusema maneno yangu mwenyewe nikaenda kutafuta mkalimani, nikamchagua binti yangu. Nisamehe. Ombi nimelifuta. Sanduku lako litabeba vitabu vyako na vitenge vya shangazi yako, na ukifika Malaba fungua kila kitu ukitabasamu, huna cha kuficha.

Kisanduku nitakibeba mimi. Ndiyo, umesoma vizuri! Nakuja! Nina siku za likizo ambazo sijazigusa tangu mwaka juzi, na nikimaliza kuandika naenda stesheni kukata tikiti, viti vya upande mmoja nawe kama ikiwezekana. Bungoma mimi nitashuka na wewe utaendelea. Nimeogopa, sitakudanganya. Lakini furaha imezidi. Sijavuka mpaka tangu nilipoolewa, na nimeshaanza kuwaza nivae gauni gani.

Kile kikaratasi cha zamani nimekichana. Nimeandika kipya kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiganda, na safari hii sikuandika neno moja likakaa peke yake. Kinasema: hivi ni vipande vya ndani ya piano, kila kimoja hupiga waya mmoja wimbo ukichezwa, ni mali ya fundi Wekesa, narudisha. Karatasi ya Sista itakuwa juu yake. Na kwa sababu nimejifunza kwamba mtu mwenye bunduki hasomi, nimemwomba baba yako jambo moja zaidi. Agonge misumari miwili kwenye kipande cha mbao na akaze waya mwembamba kati yake. Amefanya, hakuuliza, anadhani ni cha kuanikia soksi zako.

Nimetoa nyundo moja kutoka kwenye kisanduku, nikaipiga kwenye ule waya. Akello, imelia! Sauti ndogo, ya upole, imetoka kwenye mbao ya kuni. Nimeipiga tena. Baba yako ameacha kukusanya misumari yake, amekuja mpaka mezani.

"Hiyo nini?"

"Kinanda," nikamwambia.

"Kinanda? Kinanda si ile ya kantini?"

"Hapana, baba Akello. Kaa nikuambie."

Nimemwambia yote, kwa mara ya kwanza, naye amenisikiliza bila kunikatiza, ameshika nyundo yake kubwa mkono mmoja na ile ndogo mkono mwingine. Nilipomaliza akasema, "Basi kesho ukifika Malaba gonga kwa nguvu, wasikie." Kisha akatoka nje. Najua analia, maana hakuna kazi iliyobaki huko uani.

Huko Nairobi utasimama kati ya daktari na mgonjwa kama mimi ninavyosimama kati ya hakimu na mshitakiwa. Mtu atakuambia panapouma kwa neno usilolijua, na kabla hajakata tamaa atakuonyesha kwa mkono. Utakosea, mimi mama yako nakuambia utakosea. Nakuomba tu usiwe na haraka ya kusema ndiyo, mheshimiwa.

Sijui Mzee Wekesa atanipokea vipi. Anaweza kunifungia mlango, anaweza kunitupia kisanduku, na vidole vyake sina namna ya kuvirudisha. Nimejaribu maneno mengi ya kumwambia, nimeyaandika na kuyafuta nyuma ya daftari la kijani, na mwisho yamebaki machache. Nitamwambia: mzee, ulisema kinanda. Vidole vyako niliviona, na nikanyamaza.

Nasikia sauti yako kule barabarani, unacheka na watoto wa jirani. Soma barua hii nikiwa stesheni, kisha itie kwenye sigiri, chai ipate moto. Halafu ingia chumbani, uvute kile kisanduku chini ya kitanda chako, ukiweke mlangoni karibu na viatu vyangu.

Mama yako,
msafiri mwenzako mpaka Bungoma.